Habari Niliyowapelekea Nyuki

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja niliwaambia nyuki kwamba mwenye nyumba amekufa. Niliwaambia mchana, nikiwa peke yangu, kwa sauti ya kawaida. Siku ya nne walianza kuondoka. Waliohusika na jambo hili wamekufa au wamezeeka, na mimi nimelikalia muda wa kutosha. Naliandika kwa mpangilio wake.

Nyumba ilikuwa Nyakarenzo, kwenye mgongo wa kilima, ya matofali mabichi na bati, vyumba vitatu na jiko la nje. Haikuwa yetu. Sisi tulitoka Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi. Papa na Mama walikulia huko kwa sababu wazazi wao walikimbia Rwanda zamani, kabla sisi hatujafikiriwa. Mwaka wa tisini na nne, baada ya mauaji na vita, watu kama sisi walirudi. Watu wengine, wengi kutushinda, walikuwa wamevuka kwenda kule tulikotoka na kuishi kambini. Nyumba zao zilibaki. Tuliingia katika mojawapo kwa sababu ilikuwa na mlango.

Tulikuwa watano: Papa, aliyetengeneza baiskeli Kamembe, Mama, mimi, mdogo wangu aliyezaliwa katika chumba cha kati cha nyumba hiyo, na Koko, mama yake Papa. Ukimwacha huyo mdogo wangu, Koko peke yake ndiye aliyezaliwa Rwanda. Sisi wengine majirani walituita Wakongomani. Shuleni walicheka Kinyarwanda changu mpaka nikaacha kujibu maswali.

Mwenye nyumba aliitwa Simeoni. Jina hilo tuliambiwa na majirani, na hawakuongeza mengi. Alikuwa ameacha meza, jembe lisilo na mpini, na mizinga mitano ya nyuki. Ilikuwa mizinga ya kienyeji, ya fito zilizosukwa na kukandikwa samadi, imelazwa juu ya miti yenye panda nyuma ya nyumba, pale migomba inapoanza. Watu wa nyumba ile walikuwa wamekimbia. Nyuki hawakukimbia.

Papa alitaka kuiuza mizinga. Koko alikataa. Alisema nyuki wana mwenyewe, na mwenyewe akiwa hai huwezi kuwauza, kwa sababu wanamjua. Kisha akatueleza desturi ambayo Papa alikuwa ameisikia nusu nusu na mimi sikuwahi kuisikia kabisa. Mwenye mizinga akifa, mtu wa nyumbani kwake huenda kuwapa nyuki habari ya msiba. Anagonga kila mzinga kwa ukucha, anataja jina la marehemu, anasema ni nani atakayewaangalia sasa. Wasipoambiwa, wanaondoka. Na kwa kuwa hawa walikuwa hawajaondoka, Koko alisema, Simeoni yuko hai mahali fulani.

Tangu siku hiyo alikuwa akienda mizingani kila Jumapili baada ya misa. Alikuwa akiwaambia kwamba tuko ndani ya nyumba, hatujavunja kitu, na mwenyewe anakuja. Nilidhani ni uzee. Baadaye Mama alinieleza kwamba Koko na mumewe nao waliacha mizinga walipokimbia, wakiwa vijana, upande wa Gashonga. Babu alikufa Bukavu na kuzikwa Bukavu. Hakukuwa na mtu wa kuvuka kwenda kuwaambia nyuki wake.

Mimi nilifuatana naye, na huko ndiko nilikojifunza kutazama. Alinionyesha walinzi mlangoni, wanaomnusa kila anayeingia. Alinionyesha wale wanaotoa maiti za wenzao asubuhi na kuzidondosha mbali, na wale wanaorudi na unga wa njano umeshikana miguuni kama vidonge. Tulipolina, alichukua kidogo na kuacha nyingi. Na kila tulipolina, sehemu ya mwenye nyumba aliitia katika kidumu cha lita tano, akaziba kifuniko kwa nta, akakirudisha chini ya kitanda chake. Sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa.

"Hii ni ya Simeoni," alisema. "Atauliza."

Siku moja nilimuuliza tungejuaje kama Simeoni amekufa huko aliko, na kama hatuwezi kuwaambia nyuki tu, ili wasituache. Aliacha kazi aliyokuwa akifanya.

"Usicheze na hiyo, Furaha. Ukibaambia muntu amekufa, na yee angali muzima, ile habari inamufikia."

"Inamufikia na nani?"

"Na bale ulibaambia. Banatoka kumupelekea."

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita vita viliingia Kongo na kambi zikavunjwa. Tulisikia milio ya silaha kubwa kutoka ng'ambo kwa siku kadhaa; madirisha ya shule yalitikisika, na mwalimu akaendelea na hesabu. Kisha watu wakaanza kurudi, kwa mistari, wakibeba magodoro na masufuria. Kwenye mkutano wa kijiji kiongozi alitangaza kwamba mwenye nyumba akirudi, aliyemo anatoka. Jirani wa juu alitoka. Jirani wa chini alitoka, na mkewe alikuwa mgonjwa. Kila jioni Mama alikaa mlangoni akitazama njia, na kila aliyepanda kilima akiwa na mzigo kichwani alimfanya asimame.

Simeoni hakuja. Ilisemekana kwamba wengi hawakurudi bali walikwenda mbele, magharibi, ndani ya msitu. Miezi ilipita. Waliotoka huko walikuwa wachache, na walikuwa wembamba kiasi kwamba hawakuhitaji kueleza.

Ilikuwa kiangazi, wakati wa jua kali na vumbi, nilipomsikia Papa akimweleza Mama aliyoambiwa na kiongozi: kama mwenye nyumba amekufa na hakuna wa kurithi, tungeweza kuandikiwa nyumba ile. Lakini lazima ijulikane. Bila kujulikana tungeendelea kungoja. Mama alikuwa akimnyonyesha mdogo wangu. Alisema katika maisha yake ameishi vyumba saba, vyote vya watu.

"Kama alikufa, batuambie," alisema. "Tulale."

Sikumsikia Mama akilia mara nyingi. Siku hiyo nilimsikia.

Kesho yake Koko alishuka Kamembe na Papa kutafuta dawa ya macho. Nilikwenda mizingani. Niligonga mzinga wa kwanza kwa ukucha kama nilivyoelezwa. Nilisema Simeoni amekufa na sasa ni sisi. Nilisema kwa Kiswahili. Kisha nikahofia kwamba wale ni nyuki wa Rwanda, hawatanielewa, nikarudia kwa Kinyarwanda changu kibovu. Nilifanya hivyo katika mizinga yote mitano. Sikuwa na hasira na mtu yule. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilitaka tu awe amekufa, na nilijua kabisa kwamba ndicho ninachokitaka.

Siku ya nne, kabla ya saa sita mchana, walitoka. Mzinga wa kwanza ulitoka kundi zima, wakazunguka juu ya migomba kwa mlio uliofanya mbuzi wavute kamba, wakaelekea upande wa bondeni. Mingine minne ilifuata kabla ya Jumapili. Koko alisimama akiwatazama mpaka hawakuonekana. Jioni alituuliza kama kuna aliyekwenda mizingani. Papa alicheka. Mimi nilisema hapana.

Hakunipiga wala hakuniuliza tena. Ila Jumapili hiyo hakwenda kanisani.

Wiki mbili baadaye, saa za alasiri, mwanamke alipanda kilima akiwa na mabinti wawili na mfuko mmoja. Mama alisimama. Mwanamke hakupiga hodi. Alishika nguzo ya kibaraza kwa kiganja, akaishika muda mrefu, na hapo sote tukajua. Alikuwa mke wa Simeoni. Aliitwa Mama Beata, kwa jina la binti yake mkubwa. Alizungumza nasi Kiswahili cha Bukavu alichojifunza kambini. Kinyarwanda alikiweka kwa ajili ya watoto wake na majirani.

Koko alimpa maji, kisha akauliza habari za mwenye nyumba.

"Alibakia mu pori," alisema Mama Beata.

Papa aliuliza alikufa lini. Alisema huko siku hazikuwa na majina. Mimi nilitoka nje nikajificha nyuma ya jiko.

Usiku huo wageni walilala chumba cha Koko na Koko akalala jikoni. Papa na Mama Beata walikubaliana kwa upole. Angechukua vyumba viwili; sisi tungebaki na kimoja mpaka tuvune maharage na Papa apate mahali. Mama alisema hilo ni zaidi ya alilotegemea. Koko akatoa kidumu cha asali chini ya kitanda, akamkabidhi, akamweleza ni cha misimu miwili. Mama Beata alikipokea kwa mikono miwili. Kama mambo yangeishia hapo, ningekuwa na kumbukumbu nzuri ya watu walioumia wakitendeana vema.

Asubuhi alisema anakwenda kuwaambia nyuki habari ya baba yao. Koko alimwambia hawapo. Alikwenda hata hivyo, na sote tukamfuata. Aligonga mzinga wa kwanza kwa ukucha. Kilichotoka ni nondo wadogo wa kijivu, wale wanaokula nta, na ndani masega yalikuwa yamefungwa na utando kama nguo iliyooza. Aligonga wa pili na wa tatu. Alipofika wa tano hakugonga. Aligeuka.

"Balienda kumupelekea habari. Nani alibaambia kabla yangu?"

Nilikuwa nimesimama karibu na Koko kiasi cha kusikia pumzi yake. Koko alinitazama mara moja, si kwa muda mrefu.

"Ni mie," alisema Koko. "Nilikosa, mwanangu."

"Ulijua aje kama alikufa?"

Koko alianza kuwapangusa nondo mzingani.

"Hukujua," Mama Beata alisema. "Ulimuua."

Alirudi nyumbani, akakitoa kidumu uani, akachokoa nta kwa kisu, akaimwaga asali yote ardhini. Hakufanya kwa fujo. Alikishika kichwa chini mpaka tone la mwisho. Mchana majirani walikuwa wamekusanyika, na sisimizi walikuwa wamepanga mistari mitatu kutoka ukutani. Nyuki nao walikuja. Sijui walitoka wapi. Walitua pembezoni mwa lile dimbwi jeusi, wakanywa, wakaruka kuelekea bondeni. Watu walikuwa wakimtazama Koko. Nadhani ni mimi peke yangu niliyewaona nyuki.

Maharage hatukuyavuna. Kiongozi alisema hawezi kumlazimisha mjane kuishi na mtu anayemwogopa, na hakuna aliyeona kwamba amekosea. Tulihama siku ya tatu. Tulipata chumba kimoja Gihundwe, karibu na barabara ya hospitali, na Mama akahesabu kuwa ni cha nane.

Habari ilitufuata. Kutoka Nyakarenzo hadi sokoni Kamembe ni mwendo wa asubuhi moja, na wanawake wa kule waliuza ndizi kule kule ambako wa kwetu walinunua. Kwenye bomba la maji ndoo ya Koko ilianza kuwa na nafasi pande zote mbili. Akipika, majirani walikuwa wameshiba. Mtoto wa mwenye nyumba wa Gihundwe alipopatwa na homa, mama yake alikuja kutuomba, kwa heshima sana, tumwambie mzee asipite mbele ya mlango wao. Koko alipitia nyuma. Aliishi hivyo miaka sita.

Nilijaribu kumwambia mara moja tu. Alikuwa akichambua mchele. Nilisema, Koko, ile siku ya mizinga. Hakuinua macho.

"Ulishasema mara moja, Furaha. Inatosha."

Alikufa akiwa hajaniruhusu kuitamka habari ile. Waliomzika walikuwa Papa, wanaume wanne wa kanisa, na katekista aliyetazama saa.

Niliendelea kuamini kwamba niliua mtu hadi nilipokuwa na zaidi ya miaka ishirini na mitano. Sikuamini kila siku. Kazi yangu ilikuwa ya habari, na kazi hiyo hukufundisha kudai tarehe na mashahidi. Lakini kuna mambo huyachunguzi kwa sababu unaogopa kukuta ni kweli.

Siku moja nilitumwa Gashonga kuandika juu ya wafugaji wa nyuki. Mzee mmoja wa ushirika alifungua mzinga wa mbao mbele yangu, akawa ananieleza kama anavyowaeleza wageni wote. Nyuki kibarua, wakati wa maua mengi, haishi zaidi ya wiki sita hivi. Mabawa yake yanachakaa kwa kazi. Malkia huishi miaka michache tu. Nilimwomba arudie, akadhani sikuandika vizuri. Nilikuwa nimeandika. Nilikuwa nikipiga hesabu. Simeoni alikimbia mwaka wa tisini na nne. Katika mizinga ile, mwaka wa tisini na saba, hapakuwa na nyuki kibarua hata mmoja aliyekuwa hai siku alipofunga mlango wake. Wale niliowapelekea habari hawakumjua, na wala hawakunijua mimi.

Nikamuuliza kwa nini nyuki wanaweza kuhama wote kwa pamoja. Alisema kwa njaa, kiangazi. Hawaamui kwa siku moja. Kwanza malkia anaacha kutaga. Wanalea majana, yaani watoto wao, waliobaki mpaka watoke, wanamaliza akiba, hawaleti tena chavua, ule unga wa maua, kwa sababu hakuna wa kulishwa. Ukiona miguu yao mitupu, alisema, ujue wameshafunga mizigo.

Niliiona miguu ile. Kama wiki mbili kabla ya kwenda mizingani peke yangu nilikuwa nimemwambia Koko kwamba nyuki hawaleti tena unga wa njano. Alisema ni jua. Kwa hiyo siku nilipowaambia kwamba mtu amekufa walikuwa wameshaamua kuondoka, na kama ningewaimbia wimbo wa shule wangeondoka siku ileile.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilipanda pikipiki, nikamwambia dereva Nyakarenzo.

Mama Beata alikuwa amezeeka kuliko miaka yake. Alinijua kabla sijajitambulisha. Alinipa kiti kwenye kibaraza, karibu na ile nguzo. Nilimwambia yote kwa mfululizo, kama taarifa: ni mimi niliyewaambia nyuki, Koko hakuhusika, alisema uongo ili kunifunika. Alisikiliza akiwa ameshika magoti.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Ulikuwa unatetemeka. Na bibi yako nilimuona, hakuelewa alichokubali mpaka alipokwisha kukubali."

Niliuliza kwa nini basi alimwita Koko muuaji.

Alifikiri. Nadhani alitaka kunijibu sawasawa. "Nilikuwa na batoto babili na nyumba yenye bantu batano. Ningesema ni mutoto, bangesema ni mutoto tu. Mungebaki." Akaongeza kwamba Simeoni alikufa wakati wa mvua kubwa, kwa kuhara, kabla ya kufika mto mkubwa wa huko msituni. Siku alizihesabu zote. Ni sisi ambao hakutaka kutuambia. Ilikuwa miezi mitatu kabla ya mimi kugonga mzinga.

Kutoka nyuma ya nyumba nilisikia mlio nilioujua, nikamtazama. Aliniruhusu kwa kichwa, nikaenda. Mizinga ilikuwa mitano, imekandikwa upya, juu ya miti ileile. Walinzi walikuwa mlangoni. Waliokuwa wakirudi walikuwa na unga wa njano miguuni.

Niliporudi nilimuuliza aliwanunua wapi. Alisema hakununua. Walikuja wenyewe, mwaka uleule, mvua za kwanza zilipoanguka na maua yakafunguka. Mzinga wa kwanza ulijaa hata kabla hajausafisha. Hesabu yangu ni kwamba tulikuwa Gihundwe kwa miezi miwili tu.

"Hukutuma muntu atuambie?" nilisema. Niligundua kwamba nimeongea kama Koko.

"Ningesema nini?"

Mimi na yeye tulitaka kitu kimoja, vyumba vitatu vyenye bati, na kila mmoja wetu alikwenda kwa nyuki kukitafuta. Mimi nilipeleka kwao neno nisilolijua kuwa kweli. Yeye alichukua kutoka kwao neno alilolijua kuwa uongo. Nyuki walikuwa wakifuata maua. Koko peke yake ndiye aliyekuwa akienda pale bila kutaka kitu, na ndiye aliyelipa.

Mara kwa mara napiga hesabu ya njia ile. Kutoka mizingani hadi chumba chetu ni kushuka kilima, kuvuka bonde, kupanda barabara ya Kamembe, kisha Gihundwe. Mwendo wa asubuhi moja. Kwa miaka sita kulikuwa na habari kwenye kilima kile ambayo ingemrudishia mzee mmoja nafasi yake kwenye bomba la maji, nayo ni kwamba nyuki wamerudi wenyewe na maua, kwa hiyo ni njaa iliyowatoa, si neno la mtu. Hakuna aliyetembea kuja kumwambia.